Bakuli la mbaazi

Mimi ni mshauri nasaha hapa Mombasa. Wengi wanaokuja kwangu ni mashoga na wasagaji, na swali lao kubwa ni hili: nimshike nani, mama au wenzangu?

Huwa nampa mtu karatasi achore watu wake, kila mmoja karibu au mbali kadiri anavyomhisi moyoni. Kijana mmoja (ameniruhusu kusimulia, na mitaa nimeibadilisha) alifukuzwa kwao Likoni. Alimchora mamake kwanza. Akamfuta. Akamrudisha palepale. Wenzake wanne anaokaa nao Kisauni, waliomlipia kodi na kumkeshea alipougua malaria, akawapanga ubavuni pa mama.

Mchoro ule ulikuwa sahihi. Lakini mara nyingi vijana hawa huambiwa wasahau kwao, au wawatupe hao "waliowaharibu". Anayelazimishwa kumsahau mamake hubaki na msiba usio na matanga.

Na ndugu wa kuchagua si jambo geni pwani. Mwari alipewa somo, mwanamke asiye mamake, amfunde, na uhusiano huo ukadumu. Wanaume walichanjiana damu wakawa ndugu. Hata neno shoga, kabla ya kugeuzwa tusi, wanawake waliitana kwa mapenzi, na mpaka leo wanaitana.

Kazi ngumu ni kwenye ugonjwa, mali na mauti. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachoharamisha ngono iitwayo "kinyume cha maumbile" na ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019, bado kipo, na hofu yake humfuata mtu mpaka wodini: mwenzake akiulizwa ni nani wa mgonjwa, hunyamaza. Ukifa bila wasia, marafiki hawamo katika mirathi. Kwa hiyo nawahimiza waandike. Muislamu anaweza kumuusia asiye mrithi wake hadi theluthi moja ya mali, bila kueleza huyo ni nani wake. Na kwa Waislamu mazishi hayangoji. Aliyefariki asubuhi huenda akazikwa alasiri. Wenzako wawe na namba ya jamaa yako mmoja mpole, naye awe na zao, wasije wakasikia baada ya kaburi kufukiwa.

Kijana yule alianza na mamake mdogo. Ndiye anayevuka feri siku hizi akiwa na bakuli la mbaazi za nazi na mahamri, kutoka kwa mama, babake asijue. Mara ya kwanza kijana aliliosha bakuli alirudishe. Mwenzake mmoja akamzuia: bakuli la watu halirudi tupu. Akaingia jikoni, akakaanga kaimati, akazijaza, akafunika kwa leso.

Usiku mama akapiga simu mwenyewe. Aliuliza ni nani aliyepika, na kama kuna iliki mle.