Haki ya umati katika Magharibi ya Marekani: maana yake

Haki ya umati ni pale watu wasio na mamlaka wanapomkamata mtuhumiwa, au kumpokonya kutoka mikononi mwa dola, kisha wakamhukumu na kumwadhibu wenyewe. Magharibi ya Marekani, katika karne ya 19, adhabu hiyo mara nyingi ilikuwa kitanzi.

Isichanganywe na msako wa sherifu, yaani afisa mkuu wa kusimamia sheria katika eneo. Sheria ilimruhusu sherifu kuwaita raia wenye farasi na bunduki wamsaidie kumsaka mhalifu. Tatizo lilianza wananchi wenye hasira walipokataa kumsubiri hakimu.

Kisa cha Nevada kinaonyesha yote mawili. Septemba 17, 1871, wafungwa 29 walitoroka gereza la Carson City. Kundi moja lilishika njia ya kusini na kumuua kijana aliyekuwa akipeleka barua kwa farasi. Wasakaji waliwafikia mwishoni mwa Septemba kwenye ziwa lililo chini ya milima ya Sierra Nevada, upande wa California. Risasi zikarindima, wakafa mfanyabiashara Robert Morrison na Mono Jim, Mwenyeji wa Asili aliyekuwa akiwaongoza njia. Siku chache baadaye watoro watatu walinaswa. Wakiwa kwenye gari la farasi wakirudishwa gerezani, umati uliwazuia karibu na mji wa Bishop. Leander Morton na Moses Black wakanyongwa. Mwenzao, aliyekuwa mdogo kwa umri, akaachwa hai. Ziwa lile sasa linaitwa Convict Lake, na mlima ulio juu yake Mount Morrison.

Watetezi wa vitendo hivi husema mahakama zilikuwa mbali na magereza yalikuwa dhaifu. Udhaifu wa gereza siupingi. Lakini Morton na Black walikuwa tayari wamekamatwa. Hawakuwa tishio tena kwa mtu yeyote. Na San Francisco, ambako mahakama zilikuwepo, kamati za raia za 1851 na 1856 zilinyonga watu wanane, wengine wakitolewa jela kwa nguvu.

Ubaya mkubwa zaidi, kwangu, ni kwamba ukweli huzikwa pamoja na mtu. Henry Plummer, sherifu wa Bannack, Montana, alinyongwa Januari 10, 1864 bila kesi, akidaiwa kuongoza genge la majambazi. Mwaka 1993 iliendeshwa kesi ya kuigiza kuhusu tuhuma hizo. Wazee wa baraza wakagawanyika sita kwa sita.