Bakhita, mjakazi aliyesema hapana

Katika miaka niliyofanya kazi ya kuwasindikiza watu kiroho, kwenye mafungo ya parokia na katika mazungumzo ya faragha, sijaona fadhila inayotumiwa vibaya kuliko unyenyekevu. Mama mmoja alinijia akiwa na alama ya kipigo chini ya jicho. Alikuwa ameshapeleka shida yake kwa watu aliowaamini kanisani, nao wakamwambia arudi nyumbani, asali zaidi na kumnyenyekea mumewe. Hakuja kuniuliza kama anatendewa haki. Alitaka kujua afanye nini ili unyenyekevu wake uongezeke, kwa sababu aliamini kwamba anapigwa kwa kuwa bado haujatosha.

Sikumjibu siku hiyo kwa mafundisho. Nilimsimulia habari za Mtakatifu Josephine Bakhita, na kwa kuwa wengine wengi wamenijia na swali linalofanana na lake, naona inafaa niyaandike hapa yale niliyomweleza yeye kwa vipindi vingi, pamoja na sababu zake.

Bakhita alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, Darfur, katika nchi ya Sudani. Alitekwa akiwa mtoto wa miaka isiyozidi 9, na watekaji walipomuuliza jina lake, hofu ilimfunga kinywa akashindwa kulitaja. Wao ndio waliompa jina Bakhita, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na neno letu bahati. Jina alilopewa na wazazi wake hakulikumbuka tena mpaka kufa. Aliuzwa mara kadhaa, na alipokuwa mali ya jemadari mmoja wa Kituruki, alichanjwa kwa wembe chale 114 kifuani, tumboni na katika mkono wa kulia, kisha majeraha yakasuguliwa kwa chumvi ili makovu yasifutike. Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, makamu wa balozi wa Italia mjini Khartoum, na katika nyumba hiyo, kwa mara ya kwanza tangu atekwe, aliishi bila kuchapwa viboko. Miaka 2 baadaye alifika Italia, akakabidhiwa familia ya Michieli karibu na Venice, akawa yaya wa binti yao mdogo aliyeitwa Mimmina.

Kama unyenyekevu ungekuwa ni kunyamaza, kutii kila amri na kujiona si kitu, basi Bakhita alikuwa ameufikia ukamilifu wake kabla hajasikia jina la Kristo. Hakuna aliyekuwa chini kuliko yeye. Alipigwa na hakujibu, aliuzwa na hakuulizwa, alivuliwa hata jina. Lakini Kanisa halikumtangaza kuwa mtakatifu kwa ajili ya miaka hiyo. Hali ile ilikuwa udhalili aliotwishwa na watu wengine, na kumtwika mtu udhalili ni dhambi ya yule anayemtwika. Anayeyachanganya mambo haya mawili, hasa akiwa na mamlaka ya kushauri, huwa anamkabidhi Mungu kosa la binadamu.

Lugha yetu yenyewe inatuwekea mtego hapa. Katika utenzi wa Bikira Maria tunasoma kwamba Mungu ameutazama unyonge wa mjakazi wake, na mjakazi, kama wazee wa pwani wanavyojua, ni mtumwa wa kike. Paulo naye anajiita mtumwa wa Kristo Yesu. Msikilizaji asiyefafanuliwa huweza kudhani kwamba Mungu anapendezwa na unyonge kama unyonge, na kwamba minyororo ni njia ya haraka ya kumfikia. Lakini utenzi huohuo unaendelea kusema kwamba amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi na wanyonge amewakweza. Mungu anautazama unyonge kama mganga anavyotazama jeraha, na Maria anaimba kwa furaha kwa sababu ametazamwa.

Tukio ninalolirudia mara nyingi zaidi kuliko yote ni la tarehe 29 Novemba 1889. Mwaka mmoja kabla, Bakhita na Mimmina walikuwa wameachwa kwa masista wa Kanosa mjini Venice wakati mama wa mtoto anasafiri, na huko Bakhita akaanza kufundishwa katekisimu. Bibi Michieli aliporudi kumchukua ampeleke Suakin, mji wa bandari wa Sudani ambako familia ilikuwa na hoteli, Bakhita alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alimpenda yule mama na alimpenda zaidi yule mtoto aliyemlea, na aliumia kuwaona wakiumia. Lakini alisema hapana, akaendelea kuisema mbele ya bibi yake, mbele ya Patriarki wa Venice, yaani askofu mkuu wa mji huo, na mbele ya mwakilishi wa sheria wa mfalme. Shauri lilipoamuliwa, ikaelezwa kwamba sheria za Italia hazitambui utumwa, kwa hiyo yeye ni mtu huru na hakuna wa kumlazimisha.

Kwangu, hapo ndipo unyenyekevu wake wa Kikristo ulipoonekana kwa mara ya kwanza, na najua wapo watakaoshangaa nikisema hivyo, kwa kuwa tumezoea kuutafuta katika kuinamisha kichwa. Mnyenyekevu ni mtu anayesimama katika ukweli wake mbele ya Mungu, bila kujiongezea na bila kujipunguza. Ukweli wa Bakhita siku ile ulikuwa kwamba yeye ni wa Mungu, na kwa hiyo hawezi kuwa wa Bibi Michieli. Angekubali kuondoka angekuwa amejipunguza, na Mungu hakumwomba ajipunguze. Bwana wetu mwenyewe, aliyesema kwamba ni mpole na mnyenyekevu wa moyo, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakurudisha kofi, lakini pia hakunyamaza. Alimuuliza aliyempiga sababu ya kumpiga, kama alilolisema lilikuwa jema.

Kwa hiyo nilipomaliza sehemu hii ya simulizi nilimwambia yule mama waziwazi kwamba kwenda polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au kulala kwa dada yake mpaka mambo yajulikane, hakumpunguzii unyenyekevu hata kidogo. Bakhita naye alihitaji mahali pa kukaa, watu wa kumtetea na sheria ya kumlinda. Uponyaji wa ndani hauanzi wakati kipigo kinaendelea. Nayasema haya kwa mkazo kwa sababu katika huduma yetu tunapenda kukimbilia sala ya uponyaji wakati mlango wa hatari bado uko wazi, na mtu akirudi na jeraha jipya tunamlaumu kwa imani haba.

Tarehe 9 Januari 1890 Bakhita alibatizwa, akapokea na majina ya Josephine na Margaret. Miaka mingi baadaye aliweza kuonekana akikibusu kisima cha ubatizo na kusema kwamba hapo ndipo alipofanyika binti wa Mungu. Mwaka 1893 aliingia unovisi, kipindi cha malezi ya utawa, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri. Alikuwa na neno moja alilolipenda kumwitia Mungu, neno la lahaja ya watu wa Venice, Parón, yaani bwana mwenye nyumba, mwenye mali, mwenye watumishi. Msomaji wa Kiswahili anaelewa uzito wake bila kufafanuliwa, kwa maana sisi nasi tuna neno Bwana, ambalo kwa upande mmoja ni mmiliki wa mtumwa na kwa upande mwingine ni Yule tunayemwimbia Jumapili. Bakhita alikuwa amewajua mabwana kwa ngozi yake. Angeweza kulichukia neno hilo na kulikimbia maisha yake yote, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alilichukua lile lililomjeruhi, akalipeleka kwa Mungu, likarudi likiwa na maana nyingine: Bwana aliyemjua kwa jina hata baada ya yeye mwenyewe kulisahau, Bwana ambaye mwenyewe alipigwa mijeledi. Papa Benedikto wa 16, alipoandika mwaka 2007 juu ya matumaini ya Kikristo, alianza kwa kutumia habari hizi za Bakhita.

Huo ndio uponyaji wa ndani ninaoufahamu kutokana na kazi hii. Haufuti kumbukumbu. Mara nyingi watu huniomba niwaombee wasahau, nami huwajibu kwamba Bakhita alisahau kitu kimoja tu, jina lake, na kusahau huko kulikuwa sehemu ya jeraha. Kilichobaki alikikumbuka, na kwa muda mrefu alikaa nacho. Ilikuwa mwaka 1910, miaka 20 baada ya ubatizo wake, ndipo alipomsimulia Sista Teresa Fabris habari za maisha yake ili ziandikwe, na hata hivyo kwa sababu mkuu wake alimwomba. Miaka 20 ya ukimya uliokuwa salama, katika nyumba yenye kengele ya sala, uzi wa kufuma na sufuria jikoni. Ninapoona mafungo ya siku 3 yakitangazwa kwamba kila jeraha litafunguliwa na kuponywa kabla ya Misa ya kufunga, huwa nasikitika, kwa kuwa nawajua baadhi ya watu waliofunguliwa hivyo mbele ya umati kisha wakaachwa warudi nyumbani peke yao.

Kuna maneno yake maarufu ambayo lazima niyagusie, kwa sababu yanatumiwa kama fimbo. Alisema kwamba kama angekutana na wale waliomteka, na hata wale waliomtesa, angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa sababu bila hayo asingekuwa Mkristo na mtawa. Ni maneno ya kweli na ya kutisha kwa uzuri wake. Lakini tuangalie ni nani aliyeyasema na akiwa wapi. Aliyasema mwanamke huru, mzee, aliyelindwa, ambaye hakuna mtekaji aliyekuwa akimngojea nje ya mlango. Aliyasema yeye, hakuambiwa na mtu ayaseme. Msamaha wa namna hiyo ni tunda, nalo huiva kwa wakati wake mtini. Mimi simpi mtu maneno hayo katika miezi ya kwanza, na yule mama sikumpa.

Mwaka 1902 Bakhita alipelekwa Schio, mji mdogo kaskazini ya Italia, akaishi huko karibu miaka yake yote iliyobaki. Alikuwa mpishi, akawa mtunza sakristia, chumba cha vifaa vya ibada, akafuma, akawa bawabu. Kazi ya ubawabu ndiyo iliyomfanya ajulikane mjini, kwa sababu watoto waliokuja shuleni kila asubuhi walipita mlangoni kwake, naye aliwawekea mkono kichwani taratibu kwa upole. Tuutafakari mkono huo. Ni mkono wa kulia au wa kushoto, sijui, lakini wa kulia ulikuwa na chale 48. Watu wazima wa Schio walimwita Mama Mweusi kwa mapenzi, na wapo waliomwonea huruma kwa yaliyompata. Naye hakuikubali huruma ya kumwona maskini, kwa sababu alisema kwamba yeye ni wa Bwana na yumo katika nyumba ya Bwana.

Wanaotaka kumpata Mungu katika maisha ya kila siku mara nyingi huniuliza waongeze sala gani. Mimi huwauliza mlango wao ni upi. Kila mtu ana mahali ambapo watu wengine humpitia: dirisha la duka, meza ya ofisi, kituo cha bodaboda, jiko ambalo binti wa kazi analala karibu nalo. Jioni, kabla ya kulala, namwomba mtu akae dakika 10 na kuwakumbuka waliopita mlangoni pake siku hiyo, mmoja mmoja, kwa sura na kwa jina kama analijua. Nani nilimwekea mkono kichwani? Nani nilimwita "wewe"? Zoezi hili ni dogo, lakini baada ya wiki chache huanza kufanya kazi pande mbili, kwa sababu anayewakumbuka waliopita hujikuta pia anakumbuka aliyemfungulia yeye, na machozi mengi niliyoyaona chumbani kwangu yametoka hapo, si katika kusimulia maovu. Yule mama alianza na binti aliyemsaidia kazi za nyumbani. Aligundua kwamba kwa miaka 2 hakuwahi kuuliza jina la mama yake binti yule.

Tangu mwaka 2015 Kanisa linaiadhimisha tarehe 8 Februari, siku aliyofariki Bakhita, kama siku ya sala dhidi ya biashara ya kuuza binadamu, na katika parokia tuliyomo tunawaalika mabinti wa kazi za ndani waje kwanza, wakae mbele. Wengine waliletwa mjini kwa ahadi ya shule.

Alifariki mwaka 1947. Alikuwa amekaa miaka mingi na maumivu, mwishoni akiwa katika kiti cha magurudumu, na mtu akimuuliza hali yake alijibu kwamba ni kama Bwana apendavyo. Ila katika saa za mwisho, homa ilipompanda, alirudi utumwani. Zaidi ya mara moja alimsihi sista aliyekuwa akimuuguza amlegezee minyororo kwa sababu ni mizito. Kisha akatulia, akamwita Mama Maria, akafa akitabasamu.

Yule mama alipoisikia sehemu hii alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama yule sista alimlegezea. Nikamwambia kwamba hapakuwa na mnyororo. Akasema, "Najua, lakini alimshika mikono?"

Tukaanza kusali kutokea hapo.