Stenti ya umio kwa mgonjwa asiye na saratani

Mgonjwa anapofika kliniki hapa Dar es Salaam akieleza kwamba wali unamkwama kifuani na kwamba sasa anaishi kwa uji na supu, jambo la kwanza ni kuhakikisha hana saratani ya umio, ugonjwa unaoonekana kwa wingi katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Hupitishiwa mpira wenye kamera, na kinyama kidogo hukatwa kwa ajili ya maabara. Majibu yakionyesha ni kovu tu, lililotokana na tindikali ya tumbo, upasuaji, mionzi, au kostiki soda ya kutengenezea sabuni (ambayo wengine bado wanaihifadhi kwenye chupa za maji ya kunywa, watoto wakiwa humo humo nyumbani), matibabu huanza kwa kuupanua umio hatua kwa hatua, kwa puto au vijiti maalumu.

Stenti, yaani bomba linalowekwa ndani ya umio ili ubaki wazi, si chaguo la kwanza. Hufikiriwa pale umio unaposhindwa kufikia upana wa milimita 14 baada ya kupanuliwa mara 5, kila baada ya wiki mbili, au unapoufikia kisha ukajifunga tena ndani ya mwezi.

Ni bomba la nyaya za nikeli na titani, ambalo huingizwa likiwa limebanwa, kisha hutanuka lenyewe. Linapaswa kufunikwa lote, kwa sababu nyama huota katikati ya nyaya zilizo wazi na kulishikilia. Stenti ya mgonjwa wa saratani kwa kawaida huachwa humo. Hii ya mgonjwa wa kovu lazima itolewe, mara nyingi baada ya wiki 6 hadi 8, wala isizidi 12. Mashaka yangu makubwa yako hapa, kwani mgonjwa aliyetoka mkoani, akishaweza kumeza ugali, haoni sababu ya kurudi, ilhali stenti iliyopitiliza muda inaweza kutoboa umio hadi kwenye njia ya hewa. Ndiyo maana tarehe na nauli ya kurudi huzungumzwa kabla ya kuiweka.

Ipo pia inayoyeyuka yenyewe kwa takriban miezi mitatu, iliyofumwa kwa nyuzi za aina inayotumika kushonea vidonda.

Mgonjwa aambiwe ukweli: stenti huteleza kwa karibu mmoja kati ya watatu, na wanaopona moja kwa moja ni chini ya nusu. Maumivu ya kifua siku za mwanzo ni ya kawaida. Kutapika damu, kukohoa kila anapokunywa maji, au chakula kukwama ghafla ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.