Jiwe jekundu kukata kioo hakulifanyi rubi

Wanaoniletea mawe mekundu hapa Kampala, mengi yakisemwa yametoka Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, karibu wote wana ushahidi mmoja: "Mzee, limekata kioo. Ni rubi." Juzi nimeambiwa hivyo tena, na kijana aliyesema alikuwa tayari amemlipa mwenye jiwe. Lilikuwa ganeti, kito kingine chekundu. Inaniuma, kwa sababu pesa ile hairudi.

Kioo cha dirisha kina ugumu wa karibu 5.5 kwenye kipimo cha Mohs. Kwatzi, inayookotwa kila mahali, ni 7. Ganeti ni 7 hadi 7.5, rubi ni 9. Zote tatu zinakata kioo! Ukiwa na jiwe ghafi na lazima ukwaruze, tumia topazi, ambayo ni 8: rubi itaikwaruza, ganeti haitaweza. Jiwe lililokwisha kuchongwa usilikwaruzie popote, kingo zake zitamomonyoka.

Wengine wanakimbilia mizani ya maji, yaani kulipima jiwe hewani kisha ndani ya maji ili kupata msongamano wake. Hapo nataka tuende polepole. Rubi ina msongamano wa 4.00 hivi. Ganeti nyekundu haina namba moja, kwa kuwa ni mchanganyiko wa aina mbili za ganeti, piropi na almandini: yenye magnesi nyingi hushuka hadi karibu 3.6, yenye chuma kingi hupanda hadi 4.3. Kwa hiyo ukipata 4.00 hujapata jibu lolote. Rifraktometa, chombo kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, nayo ina mtego huohuo ukisoma namba moja tu na kufunga kitabu. Rubi ni 1.762 hadi 1.770, na ganeti nyingi nyekundu zinaangukia papo hapo. Geuza jiwe juu ya kioo cha chombo! Rubi hugawa mwanga mara mbili, hivyo utaona mistari miwili ikiachana na kukaribiana, tofauti yake ikifika 0.008. Fuwele ya ganeti ni ya mchemraba: mstari ni mmoja hata ukiizungusha vipi. Daikroskopu, kidude cha kutazamia rangi mbili za jiwe kwa pamoja, inaonyesha jambo hilohilo kwa rangi, nyekundu ya zambarau upande mmoja na nyekundu ya chungwa upande wa pili kwa rubi, rangi moja tu kwa ganeti.

Vitabu vinasema polariskopu, chombo cha kulitazama jiwe kati ya vichujio viwili vya mwanga, humaliza ubishi. Mezani kwangu haimalizi. Ganeti yenye mkazo ndani huonyesha mwanga unaopita kama vile ni jiwe la kugawa mwanga, na rubi ukiitazama sambamba na mhimili wake, upande ambao haigawi mwanga, hukaa bila kubadilika kama ganeti. Naligeuza jiwe pande tatu, na bado kuna siku nasita.

Taa ya urujuanimno pia ina mipaka. Kromiamu iliyomo ndani huifanya rubi iwake nyekundu, lakini chuma kikizidi mwako hufifia au hupotea kabisa. Kuwaka kunaiondoa ganeti. Kutowaka hakuiondoi rubi. Sumaku kali ya neodimiamu husaidia, maana huvuta ganeti yenye chuma.

Ikishathibitika ni rubi, bado hujui kama imetoka ardhini. Mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza rubi mwaka 1902, na rubi hizo zina ugumu, msongamano na namba za mwanga zilezile. Hapo kazi ni ya hadubini: mistari iliyopinda na viputo vya gesi ni alama za rubi ya kutengenezwa. Jiwe safi kupindukia, lisilo na hata sindano moja ya madini mengine ndani, silitajii bei mpaka maabara ilione.