Eneo la kulisha chemchemi ni nini?

Ukiuliza watu hapa Bukavu, Kongo, surse (chemchemi) yao iko wapi, wengi watakuonesha bomba, pale chini ya mlima wamama wanapopanga bido (madumu ya maji), lakini bomba ni mdomo tu. Tumbo lake liko juu kwenye kilima, na huko ndo kunaitwa eneo la kulisha chemchemi, yaani ardhi yote ambayo mvua ikinyesha inazama na kushuka polepole mpaka itokee kwenye ile bomba.

Polepole ndo neno lenyewe. Kukiwa na miti na vichaka, tone linaanguka kwanza kwenye majani, linadondokea takataka zilizooza ambazo ni kama sponji, kisha linafuata matundu ya mizizi na njia za minyoo hadi likute mwamba au udongo mzito usiopitisha maji, linateleza juu yake, na pale mlima unapokatika linachungulia nje. Ndo maana surse nzuri inatoka hata Julai na Agosti mvua ikiwa hakuna, hapo unachota mvua ya zamani.

Sasa kata miti ujenge. Mabati ya mita 10 kwa 5, mvua ya milimita 20 tu, ni lita 1000, bido 50 za lita 20, na kama chini ni simenti au udongo uliokanyagwa zote zinakimbilia mtaroni, zinachimba makorongo (erozyo, yaani mmomonyoko, sisi wa Kadutu hapa Bukavu tunaijua vizuri), zinaingia Ziwa Kivu zikiwa nyekundu. Kilima hakikunywa kitu. Surse haikauki siku hiyo, inakuja kulegea kiangazi, watu wanalaumu bomba. Ukitaka uhakika pima: bido ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde, andika, rudia kila mwezi.

Halafu si kila kijani kinafaa. Mikaratusi inakua haraka, inatoa makaa na mbao, lakini inakunywa kwelikweli, karibu na jicho la maji usiipande. Na choo kikae angalau mita 30 mbali, ila kwa milima yetu mita 30 juu ya surse si sawa na mita 30 chini yake, afadhali kiwe chini.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba mwenye parsele (kiwanja) ya juu hachoti pale chini. Jumamosi tunafanya salongo (kazi ya pamoja ya mtaa), tunafagia, uzio tumezungusha kwenye bomba vizuri kabisa, na huko juu kamba za kupimia viwanja zimeshatandikwa.