Kilima cha ngome si lazima kiwe kaburi la mfalme
Wengi huamini kwamba vilima vya mviringo kwenye miji ya Uingereza, kama kile cha York, ni makaburi ya wafalme wa kale. Si ajabu: huko Sutton Hoo, mashariki mwa Uingereza, vilima vya makaburi vipo kweli. Ila cha York ni ngome. Baada ya 1066 Wanormani, wavamizi kutoka kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, walichimba handaki, wakarundika udongo na kuushindilia tabaka kwa tabaka, kisha wakasimamisha mnara wa mbao juu. Wa mawe ulikuja karne ya 13. Kitambaa kilichotariziwa cha Bayeux, kinachosimulia uvamizi huo kwa picha, kinaonyesha watu wenye sepetu wakiinua kilima cha ngome ya Hastings, kusini mwa Uingereza. Picha zake zimo mtandaoni, zitazame. Ukifika kwenye kilima kama hicho, tafuta alama ya handaki chini na kilele bapa. Hata hivyo usiharakishe: makaa yaliyotolewa ndani ya kilima cha ngome cha Marlborough, mji wa kusini mwa Uingereza, yalipimwa yakaonekana ya takriban 2400 KK. Wanormani walikikuta kimesimama, wakajenga juu yake.