Je, wajua kwa nini mhakiki wa habari, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuthibitisha ukweli wa madai, huuacha ukurasa wa mtandaoni kabla ya kuusoma?

Kwa miaka mingi niliamini, na kuwaambia wengine, kwamba dawa ya uzushi wa mitandaoni ni kusoma kwa makini: kagua nembo, tarehe, jina la mwandishi, anwani. Maktaba nyingi za vyuo vikuu zilifundisha hivyohivyo. Orodha moja maarufu ya maswali ya aina hiyo ilitungwa mwaka 2004 na mkutubi wa chuo kikuu cha Chico, California. Kasoro ni kwamba maswali hayo yote anaulizwa mtuhumiwa mwenyewe. Nembo huchorwa kwa siku moja. Anwani inayoishia na .org husajiliwa na yeyote. “Kuhusu sisi” huandikwa na wenye ukurasa wenyewe. Kwa hiyo kadiri unavyozidi kuusoma ukurasa, ndivyo unavyozidi kuwasikiliza wao peke yao.

Watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walilipima jambo hili kwa watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Waliwaonyesha kurasa za vyama viwili vya madaktari wa watoto Marekani. Kimoja ni kikongwe, cha tangu 1930, chenye makumi ya maelfu ya wanachama. Kingine ni kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanafunzi wengi walikiamini zaidi hicho kidogo, na wanahistoria kadhaa waliyumba. Wahakiki wote 10 walipatia: walikiamini kile kikongwe.

Walifanyaje? Fikiria posa. Mshenga akileta barua, wazee hawamalizi siku wakichambua mwandiko wake. Wanaiweka kando, wanatuma mtu mtaani kwa kijana: anaishije, ana madeni, majirani wanamsemaje? Barua itasomwa vizuri baadaye. Mhakiki naye huutupia ukurasa jicho, kisha hufungua kurasa nyingine pembeni na kuuliza wengine wanasema nini kuhusu mwenye ukurasa huo. Hata kwenye matokeo ya utafutaji habofyi la kwanza upesi. Huishusha orodha yote kwanza aone nani ni nani.

Watu 45 ni wachache, na wote walikuwa Marekani. Tena sauti iliyorekodiwa na kuzungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi haina mwenyewe wa kuulizia. Hapo unabaki kulitafuta dai lenyewe.

Hata hivyo, siungi mkono wanaosema simu itaua maktaba ya chuo. Ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kwa wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kitabu kilichoko rafuni kimekwisha kuulizwa kwa majirani: mhariri alikipitia, mkutubi akakichagua. Kinachoingia kwenye simu hakijaulizwa na mtu. Kwa hiyo natamani kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akalishwe na mkutubi mbele ya kompyuta, apewe chapisho moja la mtandaoni, na akatazwe kulisoma mpaka alete majibu matatu kutoka nje.